Namba za Simu Yako Ni za Watu Wengine Pia
Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa viongozi wa vyama na vikundi vya vijana



Kuna malalamiko ambayo wengi wenu mnayajua. Mtu anachukua mkopo mdogo kwa simu. Siku ya kulipa inapita, na anayepigiwa si yeye. Ni shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake, mweka hazina wa chama chake. Wanaambiwa fulani hataki kulipa deni. Hao hawakukopa wala hawakumdhamini mtu. Mara nyingi namba zao zilitoka kwenye simu ya mkopaji, siku alipopakua programu, ikaomba kusoma namba zake, naye akabonyeza "Ruhusu" ili aendelee mbele.

Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mwaka huo huo, Google ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma namba na picha za mteja. Kwa hivyo ukitumiwa programu ya mkopo kwa kiungo cha WhatsApp, shtuka. Huenda imekwepa masharti hayo.

Lakini si mikopo pekee. Facebook, Instagram na TikTok pia huomba namba zako, zikisema zitakutafutia marafiki. Ninaloomba mlikumbuke ni hili: ruhusa ya kamera au ya mahali ulipo inakuhusu zaidi wewe. Ruhusa ya namba inawahusu watu wote uliowahifadhi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Mwenyekiti wa chama mwenye namba za wanachama 40 anapobonyeza, amewabonyezea wote 40.

Basi tuzitoe simu. Ingia kwenye Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno. Fungua orodha ya programu, chagua moja, kisha uguse Ruhusa. Utaona kila kitu inachoruhusiwa: namba, kamera, maikrofoni, mahali ulipo, picha. Kwa kila kimoja jiulize: kazi niliyoiitia programu hii inahitaji kitu hiki? Tochi haihitaji namba zako. Mchezo wa mtoto hauhitaji kujua mnaishi wapi. Kutazama video za TikTok hakuhitaji namba hata moja. Pasipo na sababu, chagua kutoruhusu. Penye sababu, ruhusu, na kama kuna chaguo la kuruhusu wakati unaitumia tu, chagua hilo.

Msiogope kuharibu kitu. WhatsApp ikinyimwa namba bado itapokea ujumbe, ila utaona namba badala ya majina. Ukibadili nia, unarudi pale pale na kuruhusu tena. Na kwenye simu nyingi za miaka ya karibuni, nukta ndogo ya kijani ikiwaka juu ya kioo wakati hupigi picha wala huzungumzi, jua kuna programu inayotumia kamera au maikrofoni. Itafute.

Kuondoa ruhusa leo hakufuti kilichochukuliwa jana. Wala kuifuta programu kwenye simu si kufuta akaunti yako. Hapo ndipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inapokusaidia. Una haki ya kuiuliza kampuni ina habari gani zako, na kudai ifute zile inazoshikilia bila haki. Ikikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna. Hata shemeji yule aliyepigiwa simu bila kukopa anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe. Ahifadhi ujumbe, namba iliyompigia na tarehe.

Sheria hiyo inatubana hata sisi wa serikali. Ukijaza fomu ya basari katika ofisi ya kaunti, una haki ya kuuliza kwa nini tunataka namba yako ya kitambulisho na nani ataiona. Ulizeni, nasi tuna wajibu wa kuwajibu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla ya kuchaji simu, kagua programu tatu tu. Kesho nyingine tatu. Na wewe uliyeweka namba za chama, anza na ruhusa ya namba, kwa niaba ya wenzako.