Kazi Isiyopimwa kwa Mizani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Sosiot



Mimi ni mtu wa kalamu, si mtu wa maneno mengi, tena umri wangu haujanipa bado haki ya kuwafundisha wazee. Lakini Halmashauri iliniagiza niseme machache juu ya kazi ya kujitolea wakati wa masika, kwa kuwa niliwahi kuwa katibu wa kazi hiyo katika usharika mdogo wa Kilutheri nilikokuwa nikisali kabla ya kuhamia hapa. Najua ya kuwa wengi wenu ni wa Africa Inland Church, wa Africa Gospel Church na wa Kanisa Katoliki, na ya kuwa sisi Walutheri katika nchi hii ya chai tu wachache. Sikuja kulisifu kanisa langu. Nimekuja kukiri kosa nililolifanya ndani yake, nikitumaini kwamba kosa hilo litakifaa chama chetu, ambacho leo alasiri kitapiga kura juu ya kanuni ya kumtoza faini kila asiyefika kazini.

Wote mwajua ya kuwa katika lugha ya Kipsigis neno sosiot ni jina la kile kijiti cha kusafishia kibuyu cha maziwa. Mama zetu hawamimini maziwa mapya katika kibuyu kisichosuguliwa, hata maziwa yawe mazuri namna gani, kwa maana uchachu mbaya wa jana huharibu maziwa ya leo. Mvua ya masika i karibu. Majani yataota, ng'ombe watapata maziwa, na mashamba yatadai mikono. Kabla hatujamimina kanuni mpya katika chama chetu, yafaa tukisugue kibuyu kwanza.

Sikukuu ya Pasaka huangukia sikuzote kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili. Katika nchi za kaskazini, huo ndio wakati theluji inapoyeyuka na miti kuanza kuchipua. Kwetu Kericho ni wakati wa mvua kubwa. Basi kwa Mkristo wa huku, siku za kusherehekea ufufuo ni zile zile za jembe na matope, na mtu huingia kanisani akiwa na udongo wa shamba kwenye viatu vyake.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Sweden walifika Itierio, katika nchi ya Kisii, mwaka 1948. Na katika miaka ya 1970 wengine wa Norway wakafika kwa Wapokot. Watu hao wa kaskazini wana desturi iliyo karibu sana na zetu. Theluji ikiisha, majirani hutoka siku moja wakafagia nyua, wakarekebisha uzio, wakasafisha viwanja vya shule na vya makanisa, bila mshahara. Watu wa Norway huiita kazi hiyo dugnad, na mwaka 2004 walilichagua neno hilo kuwa neno la taifa lao. Watu wa Finland huiita talkoot. Zamani mwenye kazi aliwapa majirani chakula, nao wakaenda zao wakijua ya kuwa siku yao nao itafika.

Lakini je, hayo ni mageni kwetu? Wazee mnajua kuliko mimi. Kokwet haikuwa baraza la kuamua kesi tu. Chini ya uongozi wa boiyot ab kokwet, majirani walijua shamba la nani limebaki, nyumba ya nani inavuja, na ng'ombe wa nani hawana mchungaji. Watu walilima pamoja, wakajenga pamoja, na mwenye shamba akaandaa pombe ya wimbi. Dini ilipokuja, wengi waliiacha pombe wakaweka chai mahali pake, nalo ni jambo jema. La kusikitisha ni kwamba wengine, pamoja na pombe, waliliacha na shamba la jirani.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Huko Kilimanjaro, ambako Walutheri wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, Wachaga walikuwa na msaragambo, yaani kazi ya wote, ya mifereji na ya njia. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika huko mwaka 1902, alishika wazo kwamba usharika haupaswi kuvunja ukoo, ujirani na rika, bali usimame juu yake. Na wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika mwaka 1920, baada ya Vita Kuu, waalimu Waafrika na wazee wa kanisa ndio walioziweka sharika hai. Kazi ya namna hiyo hakuna mizani ingeweza kuipima.

Sisi wa Kericho na Bomet, ndugu zangu, tumelelewa na mizani. Tangu makampuni makubwa yalipopanda chai katika nchi hii katika miaka ya 1920, na hasa tangu mamlaka ya chai ya wakulima wadogo ilipoundwa mwaka 1964, mtoto wetu huamka akaona mama yake akichuma majani mawili na chipukizi, akayabeba hadi kituoni, akayatundika kwenye mizani, akaandikiwa kilo. Sisemi kuwa ni vibaya. Mizani ya haki ni rafiki wa mnyonge, na mimi mwenyewe nimekula mkate wangu kwa kuandika kilo za watu. Lakini mtu aliyezoea kupimiwa kila jani huona taabu kufanya kazi isiyopimwa. Hujiuliza, "Hii nayo nitaandikiwa wapi?" Hata harambee, ambayo Mzee Kenyatta aliitangaza mwaka 1963 na watu wakaitikia kwa kubeba mawe na kuchimba misingi, siku hizi kwa wengi wetu ni kutuma shilingi mia mbili kwa simu, kisha kurudi kulala.

Sasa nieleze kosa langu.

Usharika wetu ule ulikuwa na nyumba zipatazo thelathini. Mwezi wa Januari tulikubaliana tutengeneze kwanza kanisa, lililokuwa limebomoka ukuta mmoja, kisha masika yakianza tulimiane mashamba kila Jumamosi. Nikachaguliwa kuwa katibu. Nikanunua daftari kubwa, nikalipiga mistari kwa rula: jina, tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, deni. Nikapendekeza kwamba aliyefanya kazi siku nyingi za kanisa ndiye alimiwe kwanza, na mwenye siku chache awe wa mwisho. Wote walisema ni haki. Mchungaji alilisifu daftari langu, nami, niseme kweli, nilijiona.

Kati yetu alikuwako mama mmoja mjane. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa kitandani, na hakuna mwingine nyumbani wa kumgeuza wala kumlisha. Katika daftari langu mama huyo alikuwa na siku moja tu. Kwa hiyo jina lake likawa chini kabisa.

Mvua ilianza mapema mwezi wa Machi. Tukalima kwa orodha. Jumamosi moja mvua ya mawe ilitufukuza. Nyingine tulikuwa na maziko. Tulipofika kwa yule mjane ilikuwa katikati ya Mei. Mahindi ya wenzake yalikuwa yamepita magoti. Yake yaliingia katika udongo uliolowa na baridi, yakaota manjano, yakadumaa. Hakusema neno. Alitushukuru, akatupa chai.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno mimi ndiye niliyekaa mlangoni kuandika sadaka. Watu walileta magunia na kuku na ndizi. Yule mama akaja na kikapu kidogo cha mahindi, nusu ya punje zake hazikujaa. Nikaandika. Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Karani, na yale maji uliyaandika wapi?"

Nilikuwa sijui asemalo. Nilipokwenda nyumbani ndipo nilipokumbuka. Kila Jumamosi ya Januari na Februari, tulipokanda udongo wa ukuta wa kanisa, maji yalikuwapo. Maji ya udongo, maji ya chai, maji ya kunawa. Yeye ndiye aliyeyateka mtoni alfajiri, akayaweka ukutani, akarudi mbio kwa mgonjwa wake kabla mimi sijafungua daftari. Naye hakuwa peke yake. Mama waliopika, mzee aliyenoa majembe, kijana aliyekwenda kuwaita watu, wote hao hawakuwa na safu katika daftari langu. Nilikuwa nimepima kazi kwa saa ya kufika, na waliofika kabla ya karani hawakuhesabiwa.

Nikalipeleka daftari kwa mzee mmoja wa kanisa, nikamweleza. Alilifungua polepole, akalifunga, akasema, "Kijana wangu, daftari lako ni safi. Lakini umeandika nani amefika kazini. Hukuandika mvua itamkuta nani." Akanieleza ya kuwa katika kokwet ya baba zake swali la kwanza kabla ya mvua halikuwa nani anadaiwa, bali ni nyumba gani haina mikono mwaka huu. Mwaka mmoja ni nyumba yako, mwaka mwingine ni yangu.

Mwaka uliofuata tulianza upya. Januari wazee wawili na mama mmoja walizunguka nyumba zote, wakauliza mambo matatu: ni nani mgonjwa, ni kazi gani nyumba hii haiwezi kuifanya peke yake, na ni kazi gani inayoweza kuwafanyia wengine. Nikaandika hayo. Shamba la kwanza lilikuwa la yule mjane, la pili la mzee ambaye watoto wake wote wako mbali, la tatu la mama aliyekuwa amejifungua. Shamba la mjane lilipandwa juma la kwanza la Machi, na mahindi yake yakapanda pamoja na ya jirani.

Mtaniuliza: na wavivu je? Hilo ndilo swali la wale wanaotaka faini, nami silidharau. Ni kweli kwamba kazi ya wote huweza kuwa mzigo wa wachache, na hao wachache huchoka. Katika usharika ule walikuwako watu wanne ambao hawakuonekana. Badala ya kuwaandikia faini, tuliwatembelea. Wa kwanza alikuwa na ugonjwa aliouficha. Wa pili hakuwa na jembe, akaona haya kuja mikono mitupu, akaazimwa, akaja. Wa tatu alikuwa na kibarua cha kila Jumamosi. Akaomba alime jioni za siku nyingine, na akalima. Wa nne alikuwa mvivu, na hata nilipohama alikuwa mvivu bado. Lakini kwa ajili ya mvivu mmoja, nisingependa tutunge sheria itakayowaumiza wale watatu. Faini ingemtoza mgonjwa, ingemwaibisha maskini, na mwenye fedha angeilipa kwa furaha akabaki kitandani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba niweke mbele ya mkutano mambo manne, kwa unyenyekevu.

Kwanza, kura juu ya faini iahirishwe hadi baada ya masika haya.

Pili, kabla ya mwisho wa Februari, wazee wawili na mama mmoja kwa kila kijiji wazitembelee nyumba za wanachama, na orodha ya kazi ifuate haja, si deni.

Tatu, daftari liwepo, maana bila daftari kumbukumbu hupotea na magomvi huzaliwa. Lakini liwe na safu ya maji, ya chakula, ya kunoa, ya kuita watu na ya kulinda wagonjwa, ili mama zetu wasiwe wageni katika kitabu cha chama chao.

Nne, asiyefika mara mbili atembelewe. Akitembelewa asibadilike, shauri lake liletwe kwa wazee, kama ilivyokuwa desturi yetu kabla ya sisi makarani kuzaliwa.

Nikiwa mtu wa mizani, sisemi mizani zitupwe. Majani ya chai yapimwe, na yapimwe kwa haki. Ninalosema ni kwamba kuna kazi ambazo ukizipima unazipunguza, na kuna watu ambao ukingoja wafike ndipo uwaandike, utakuwa umechelewa, kwa sababu walikwisha kupita alfajiri na ndoo kichwani.

Yule mama aliniuliza maji yake niliyaandika wapi. Sikuwa na jibu siku ile. Leo nimeyaandika hapa, katika taarifa ya chama chetu, na ninyi wazee wangu mmekuwa mashahidi. Yaliyobaki nayaacha mikononi mwenu.