Siri Zetu na Safari ya Mwanga



Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mipakani: Rusumo tunapopakana na Rwanda, na Kabanga tunapopakana na Burundi, kote wilayani Ngara. Hati, fedha na taarifa za watu husafiri katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Je, siri hizo zinalindwa na nini?

Leo zinalindwa kwa mafumbo ya hesabu. Lakini mwaka 1994 Peter Shor, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu za kutosha itayafumbua mengi kati ya mafumbo hayo. Kompyuta hiyo haijakamilika. Hata hivyo, mwizi aweza kunakili leo akangoja kufungua kesho.

Dawa moja ilibuniwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Ufunguo wa siri hupelekwa kwa chembe za mwanga, moja moja. Chembe hiyo hainakiliki, na anayeichungulia huivuruga. Hivyo jasusi hujifichua mwenyewe.

Kikwazo ni umbali. Katika kioo bora, kila baada ya kilomita 50 hubaki chembe 1 kati ya 10. Kwa kilomita 1,000, ambazo hazitoshi kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, mtambo unaorusha moja kwa moja chembe bilioni 10 kila sekunde ungehitaji zaidi ya miaka 300 kufikisha moja. Wala mwanga huo haukuzwi njiani, kwa maana kuukuza ni kuunakili.

China ilipofungua njia ya Beijing hadi Shanghai mwaka 2017, yenye kilomita 2,000 hivi, iliweka vituo 32 ambamo ufunguo hupokelewa na kufungwa upya. Maana yake ni kwamba siri imo mikononi mwa watunzaji wa vituo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tukijenga njia ya namna hiyo, mlango mbovu wa kituo kimoja Biharamulo utabatilisha mitambo yote ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo twende kwa utaratibu. Kwanza, tutumie mafumbo mapya ya hesabu, ambayo Marekani ilitangaza viwango vyake mwaka 2024, kwa kuwa hupita katika nyuzi zilezile tulizo nazo. Pili, vijana wa Ngara na Biharamulo wafundishwe ufundi wa mkongo huu na wajibu wa kuulinda. Mitambo ya kwanta itakapokuja, iwakute watunzaji wake wamekwisha kuwa tayari.