Tapeli anayekujua kwa majina matatu

Benki hazichoki kutuonya: usimtajie mtu namba ya siri. Sawa. Lakini tapeli anayekupigia, tena kwa adabu kuliko hata huduma kwa wateja, akakutajia majina matatu, tawi lako na muamala wa juzi, hayo kayatoa wapi? Si kwako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Basi onyo liingie na ndani ya benki, kwa mfanyakazi anayechungulia akaunti isiyomhusu, na kwa wakala anayeacha daftari wazi mezani. Nawe msikilizaji, tapeli asije akawa anapiga kwa laini yenye jina lako, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ikafutwe.