KWA NINI SAMAKI WETU HAWAKUI?
Maneno aliyosema mhamasishaji wa jumuiya mbele ya wanakikundi wa bwawa la bondeni, hapa kambini Uganda

 

Tunakumbuka siku tulipokausha bwawa letu. Tulikuwa tumelisha kwa mwaka mzima, tukabeba pumba kwa kichwa, na mwishoni tulipata samaki wengi sana, lakini wadogo kama kidole. Siku ile maneno mabaya yalisemwa. Wengine walisema wakubwa waliibwa usiku, na wengine wakataja uchawi. Sasa wapo wanaotaka bwawa lifukiwe, tupande viazi.

Leo nataka kusema ukweli. Hakuna aliyeiba. Kosa lilianzia kwangu mimi niliyeshika daftari, kwa kuwa ndimi niliyesema, "Wadogo wote tuwarudishe wawe mbegu."

Nieleze. Tilapia akifika miezi mitatu hivi huanza kuzaa. Jike huatamia mayai mdomoni mwake, mamia kwa mara moja, na wakati huo hali chakula, kwa hiyo hakui. Baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu anaweza kuzaa tena. Basi bwawa linajaa, chakula kinagawanywa kwa midomo mingi, na wote wanadumaa. Yule mdogo tuliyemwita kifaranga alikuwa mzee aliyedumaa. Tukimfanya mbegu kila mara, tunachagua wasiokua vizuri, tena wanaozaana ndugu kwa ndugu. Kwa njia hiyo kizazi kinazidi kudhoofika.

Ndugu zangu, tufanye hivi:

1. Wadogo wote waliobaki tuwale au tuwakaushe. Tusiache hata mmoja. Bwawa likae kavu majuma mawili hadi tope lipasuke, maana samaki hujificha hata katika dimbwi dogo. Kisha tutie chokaa ya kilimo.

2. Tuchimbe bwawa dogo la mita 10 kwa 10. Humo tulee vifaranga 900 kutoka kwa mfugaji anayechagua wazazi wake: wakubwa, wenye afya, dume mmoja kwa majike watatu.

3. Wakifika sentimita 10 hadi 12, tuwachague kwa mkono. Mgeuze samaki tumbo juu, utazame karibu na mkia. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Ukipaka wino kidogo utaona vizuri. Madume hukua upesi kuliko majike, kwa hiyo hao ndio tutawapeleka bwawa kubwa. Majike ni kitoweo, kwa hiyo watoto wetu watakula samaki kabla ya mavuno yenyewe.

4. Bwawa letu kubwa ni mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200. Kila mita ipate samaki wawili. Basi ni 400, wala tusizidishe hata kama nafasi inaonekana.

5. Katika kuchagua, majike wachache watatuponyoka. Kwa ajili hiyo tutie kambale mmoja kwa tilapia kumi, ale vitoto. Lakini kambale awe mdogo kuliko tilapia, la sivyo atakula wenyeji wake.

6. Mbolea ya ng'ombe au ya mbuzi tuiweke pembeni ndani ya uzio wa miti. Maji yawe ya kijani. Chovya mkono polepole: vidole vikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, ni vizuri. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi. Ukiona alfajiri samaki wanahema juu ya maji, acha mbolea na ufungulie maji mapya.

Baada ya miezi mitano au sita katika bwawa kubwa, tuvue wote kwa siku moja.

Najua neno gumu ni kusubiri. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa, na mama mwenye watoto watano hawezi kula ahadi. Ndiyo maana sisemi tuache mashamba. Tugawane zamu za kulisha, kila nyumba siku moja kwa juma. Watoto wasiende bwawani peke yao, na tujenge uzio kabla ya kutia maji.

Tena, daftari lisikae kwangu peke yangu. Samaki wanaoingia wahesabiwe mbele ya wote, na wanaokufa waandikwe siku ile ile. Hivyo siku ya mavuno hakuna atakayemwita mwenzake mwizi.

Jumamosi tutapiga kura, kufukia au kuanza upya. Mimi nitainua mkono kwa kuanza upya, lakini nitaheshimu neno la wengi. Aliye na swali aulize sasa, na asiyeweza kusema mbele ya watu anifuate nyumbani.