Swali Lililotangulia Safari



Mada yangu leo ni safari za kiroho katika nchi za mbali, na namna zinavyoweza kumgeuza mtu fikra. Ningeweza kuizungumzia kwa kupita kutoka dini hii hadi ile, lakini tutafaidika zaidi tukimfuata mtu mmoja. Mtu huyo ni Malcolm X, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1925, akauawa jijini New York tarehe 21 Februari 1965. Kwa kawaida habari yake husimuliwa hivi: alikwenda Makka mwaka 1964 akiamini kwamba wazungu ni mashetani, akawaona Waislamu wa rangi zote wakisali pamoja, akarudi mtu mwingine. Masimulizi hayo si ya uongo. Ila yanairuka safari moja iliyotangulia, nami naona ndiyo inayotufunza zaidi.

Mwaka 1959 Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, jumuiya ya Wamarekani weusi iliyomfundisha Malcolm kwamba wazungu ni mashetani, alimtuma Mashariki ya Kati na Afrika. Alifika Misri, Saudi Arabia na Sudan, kisha akaelekea Afrika Magharibi. Hija hakufanya. Hata hivyo alikutana na Waislamu ambao, lau wangetembea mitaa ya New York, wangehesabiwa kuwa wazungu. Aliporudi Harlem aliendelea kuhubiri yaleyale ya mwanzo. Waswahili tunasema tembea uone. Malcolm alitembea, akaona, na fundisho likabaki palepale.

Naamini sababu ni kwamba mwaka 1959 alikuwa mjumbe, na mjumbe husafiri na majibu ya aliyemtuma. Kufikia Aprili 1964 hakuwa na wa kumtuma. Alikuwa amekwisha kujua kwamba Elijah Muhammad, aliyemheshimu kama baba, alizaa nje ya ndoa na wanawake vijana waliokuwa makatibu wake. Desemba 1963 alizuiwa kuzungumza hadharani kwa sababu ya maneno aliyoyatoa kuhusu kuuawa kwa Rais Kennedy. Machi iliyofuata alijitoa katika Nation of Islam. Tukumbuke kwamba imani yake, kazi yake, hata nyumba aliyoishi na mkewe Betty na watoto wao, vyote vilitoka katika jumuiya ile. Fedha za safari alipewa na dada yake Ella, aliyekuwa akijiwekea akiba ya kwenda hija yeye mwenyewe. Malcolm aliondoka na swali zito: kama aliyenifundisha dini ameniangusha, dini yenyewe ni ipi?

Jeddah ilimpokea kwa mashaka. Alikuwa na pasipoti ya Marekani, hajui Kiarabu, na ikabidi asubiri baraza la hija liamue kama kweli ni Mwislamu. Mtu aliyezoea kuhutubia maelfu akawa anasubiri kwenye bweni la mahujaji pale uwanja wa ndege, hawezi hata kuuliza chakula kinapatikana wapi. Hapo mutawifu, yaani mwongozaji wa mahujaji, alianza kumfundisha namna ya kukaa katika sala. Vifundo vya miguu vilimuuma, kwa kuwa hakuzoea mkao ule. Alikuwa ameutangaza Uislamu kwa zaidi ya miaka kumi! Nawaomba wanafunzi wa masomo ya dini wapatazame mahali hapa kwa makini, maana aghalabu tunapapita mbio tukiikimbilia Kaaba. Kabla ya kuona lolote Makka, Malcolm alikuwa amekubali kufundishwa upya, na kufundishwa na watu wasiomfahamu.

Msaada ulitoka kwa Omar Azzam, mwana wa Abdul Rahman Azzam, katibu mkuu wa kwanza wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Mzee Azzam alimwachia chumba chake hotelini. Omar alikuwa na ngozi ambayo Marekani ingemfanya mzungu, wala hakuwa na faida yoyote ya kupata kwa mgeni huyu. Katika barua alizoandika kutoka Makka, Malcolm aliwaeleza wenzake kwamba amekula sahani moja na watu wenye macho ya buluu, akawaona ni ndugu. Akaanza kupambanua: ubaguzi ni mwenendo na mfumo, haumo katika damu ya mtu.

Hata hivyo si kila kitu alichokiona kilikuwa kizima. Alipokewa kama mgeni wa dola, na mwanamfalme Faisal mwenyewe alimkaribisha. Saudi Arabia ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1962 tu, na sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki tunajua baadhi ya watumwa wa Arabuni walitoka wapi. Hilo halimo katika barua zile, na mwanahistoria ana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini Malcolm hakuwa kipofu. Katika tawasifu yake anaeleza kwamba mahujaji wa nchi na rangi moja walielekea kukaa pamoja, ingawa hakuna aliyewalazimisha.

Wala hakuishia Makka. Alipofika Ghana mwezi Mei alimweleza balozi wa Algeria kwamba falsafa yake ni utaifa wa watu weusi. Balozi, mwanamapinduzi wa vita vilivyoikomboa Algeria mwaka 1962, alikuwa na sura ya mzungu. Akamuuliza: mimi je, unaniweka wapi? Miezi kadhaa baadaye Malcolm alikiri kwamba swali lile lilimfanya aache kulitumia neno hilo kwa wepesi. Swali la ndugu mmoja lilimgusa kuliko miji yote aliyoipita mwaka 1959.

Wapo wanaodhani kwamba hija ilimlainisha. Sikubaliani nao kabisa. Julai 1964 alikuwa Cairo, akiwasihi wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wapeleke madai ya Wamarekani weusi Umoja wa Mataifa kama suala la haki za binadamu. Oktoba alikuja Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, kisha akasafiri katika ndege moja na Mzee Kenyatta na Obote kwenda Kenya. Desemba, Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, alihutubia mkutano wa Malcolm katika ukumbi wa Audubon, New York, ukumbi uleule alimouawa Malcolm Februari iliyofuata akiwa na miaka 39. Ukali wake ulibaki. Kilichobadilika ni shabaha.

Shajara aliyoiandika safarini mwaka ule ilichapishwa mwaka 2013, nasi sasa tunaweza kumfuata siku baada ya siku. Upande wetu wa kumbukumbu hiyo bado ni hafifu. Wapo wazee Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi waliokuwa vijana Oktoba ile, waliomsikia au waliosimuliwa na waliokaa naye. Idara yetu itaanza kukusanya simulizi hizo muhula ujao, na nawaalika wanafunzi wanaotaka kujiunga waje waandikishe majina baada ya mhadhara huu.