Kama Mama Yako Ana Kansa ya Ovari

Leo hatusemi juu ya watoto munaobeba mgongoni. Tunasema juu ya mama aliyewabeba ninyi.

Ovari ni vifuko viwili vya mayai ya uzazi, kimoja kila upande wa kizazi. Kansa ikiingia humo haipigi kelele. Tumbo linavimba, mama anakula kidogo tu anashiba, anakojoa mara kwa mara. Watu wanasema ni minyoo, ao jirani amemroga. Tumbo la namna hii likiendelea majuma mawili ao matatu, apelekwe kwa munganga, hata kama amekwisha kukoma kuzaa. Zaidi sana kama amekoma.

Mara nyingi matibabu yanaanza na kisu, na kipande cha kansa kinapimwa. Kisha zinafuata dawa za seromu, kama karboplatini na paklitakseli. Hizo ni kama wavu wa wawindaji wetu wa Epulu: zinanasa kansa, zinanasa na visivyo na kosa. Ndiyo maana nywele zinaanguka.

Siku hizi kuna dawa zinazofanana na mshale. Moja ni olaparibu, vidonge vilivyokubaliwa Ulaya na Marekani mwaka 2014. Munielewe vizuri hapa. Kila chembe ya mwili ina mafundi wa kutengeneza kinachovunjika ndani yake. Katika kansa nyingine fundi mmoja, BRCA, ameharibika, na kansa inamtegemea fundi wa pili. Olaparibu inamfunga mikono huyo wa pili, kansa inakufa. Lakini kama BRCA ni mzima, mara nyingi vidonge havisaidii sana. Tena kwa kawaida vinatolewa baada ya seromu kufanya kazi, si badala yake. Anayevimeza apimwe damu kila mwezi, maana vinaweza kuipunguza.

Basi musiuze shamba kwa sababu mtu fulani amesifu vidonge! Bei yake ni kubwa. Muulize kwanza: kansa ni ya namna gani? BRCA imepimwa? Na kwa kuwa njia ya Mambasa na Komanda mpaka Bunia ni ndefu, beba karatasi zote za vipimo.

BRCA iliyoharibika inaweza kutoka kwa mzazi. Si laana. Mama akiwa nayo, kila mtoto, binti ao kijana, anaweza kuirithi, nafasi moja kati ya mbili. Kama mama ana kansa ya ovari, na dada yake alikuwa na kansa ya titi, umwambie munganga yote mawili siku ile ile.