Maji na Vitabu



Baraza la mji mdogo likutanapo kupima mapato yake, mara nyingi mambo mawili hushindana mezani: bei ya maji na fedha za maktaba. Wengi husema, "Maji ni uhai, vitabu vingoje." Neno hili lina haki yake, kwani bei ya maji ikipanda, maskini ndiye aumiaye kwanza.

Lakini na tutazame mambo yaliyotokea Uingereza. Sheria ya mwaka 1850 iliyaruhusu mabaraza ya miji kutoza nusu peni katika kila pauni ya kodi ya nyumba kwa ajili ya maktaba, wala fedha hizo hazikuruhusiwa kununua vitabu. Vitabu viliombwa kwa wahisani! Mwaka 1855 ikawa peni moja, na vitabu vikanunuliwa. Baadaye tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha za majengo mengi, ila kwanza alilitaka baraza liahidi kuitunza maktaba kila mwaka. Alijua ya kuwa jengo lisilo na fungu lake ni ghala tu.

Sisi makarani twajua fungu lipi hufutwa kwanza: lile dogo lisilo na mtetezi. Mfereji ukikauka, mji mzima hulia siku ile ile. Maktaba ikifungwa, hapana kelele. Hasara huonekana baada ya miaka, watoto wakiisha kuwa watu wazima. Kwa hiyo yatupasa kuitetea mapema, hesabu zingali mezani.